Fundi Aliyejua Nani Anamwamini Nani

Jina lake silitaji. Si kwa heshima, msije mkanidhania wema. Langu mimi lilitajwa Ngamiani nzima pale Tanga, kuanzia Barabara ya Kwanza mpaka ya mwisho, likatajwa sokoni, likatajwa kwenye shughuli za wanawake mpaka nikaacha kwenda kwenye shughuli. La kwake halikutajwa na mtu hata siku moja. Basi nami nitamwita alivyoitwa na wote, Fundi, na anayemjua atamjua.

Alikuwa mwembamba, msafi kupita kiasi, shati jeupe la mikono mirefu hata kwenye joto la mwezi wa pili. Alikuwa na baiskeli nzuri sana, lakini miaka yote niliyomjua sikumwona akiipanda zaidi ya mara mbili tatu. Aliikokota. Alitoka kwake Chumbageni mpaka Ngamiani anaikokota kwa mkono mmoja, kifuko cha vyombo vyake kinaning'inia kwenye usukani. Watu wakimtania, "Fundi, hiyo baiskeli ni mgonjwa unampeleka hospitali?" yeye hucheka tu. Siku moja nilimwuliza mimi, akanijibu: "Nikipanda, mwanangu, sisikii watu wanasema nini barazani." Nikacheka. Nilidhani ni mzaha wa mtu mzima, kumbe alikuwa ananieleza kazi yake.

Alitengeneza kila kitu chenye waya. Redio, taipu, feni, kinanda cha klabu ya taarabu, na baadaye kompyuta. Skrubu ikibaki baada ya kufunga kitu, alikuwa anakifungua upya mpaka aone ilikotoka. Akikuta skrubu ya mtu ndani ya kifuko chake aliirudisha hata kama ni kutoka Chumbageni mpaka Ngamiani na kurudi. Kipaza sauti cha msikiti alikitengeneza bure kila kilipokoroma. Hayo nayasema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ndiyo yaliyonipumbaza. Mtu anayerudisha skrubu, utamshuku kwa kitu gani?

Lakini huyo huyo hakunywa chai ambayo hakuona ikimiminwa. Chumba chake kilikuwa na kufuli mbili, na ufunguo mmoja aliuvaa shingoni kama hirizi. Hakumwachia mtu kifuko chake hata anapokwenda kutawadha. Nilimwambia siku moja, "Fundi, wewe humwamini mtu kabisa." Akanitazama kama nimemwuliza kwa nini anavaa viatu. "Mimi najua inavyofanya kazi," alisema.

Alijifunza wapi? Alijifunza miaka ya foleni, alivyosimulia mwenyewe tena na tena, na kila akisimulia uso wake unang'aa. Wakati huo sukari, sabuni, mafuta ya taa, vyote kwa kibali au kwa duka la kaya, na watu wanaamka alfajiri kupanga mawe kwenye mstari ili jiwe limshikie mtu nafasi. Mama yangu alikuwa na jiwe lake, tulilijua kwa umbo. Fundi hakupanga foleni hata siku moja. "Wenzangu wote walikuwa wanamtafuta mwenye ghala," alikuwa anasema. "Wanamlilia, wanamsujudia. Ebo! Mwenye ghala ana walinzi. Mimi nikauliza, mwenye ghala akiletewa kikaratasi na nani, hasomi mara mbili? Nikaambiwa karani wake. Karani je, anamsikiliza nani? Mshoni wake. Mshoni ana redio mbovu." Basi anatengeneza redio ya mshoni, na sukari inakuja. Mwisho wa hadithi alikuwa anapiga goti lake kwa kiganja: "Na mwenye ghala simjui kwa sura mpaka leo!"

Sisi tulicheka mpaka machozi. Mimi nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mpiga taipu, na yeye ndiye aliyenichagua nifundishwe kompyuta zilipokuja. Wengine walitaka mwanamume. Fundi alisema, "Huyu ana subira, na hasahau anachoambiwa." Alikaa nami mwezi mzima, kila siku baada ya adhuhuri, ananifundisha kidole kwa kidole. Aliniita mwanangu. Baba yangu alikwisha kufa, nami, niseme tu ukweli hata kama unaniuma, nilimpenda kama baba.

Kampuni ilikuwa ya kutoa mizigo bandarini. Ilikuwa ya familia moja ya Wahindi Waislamu, wazaliwa wa pale pale Ngamiani wanaoongea Kiswahili cha Tanga kuliko sisi. Duka mbele, ofisi nyuma, baraza pana ya saruji nje. Mwenyewe tulimwita Tajiri. Miaka ya ruksa ilipoingia, biashara ikafunguliwa, mizigo ilikuwa mingi hata pa kuweka hakuna, makontena yanashuka, vipuri, vitambaa, televisheni, na Tajiri akaona karatasi haziwezi tena. Akanunua kompyuta tatu. Moja ofisi ya bandarini, ambayo ndiyo iliyotoa ruhusa ya mzigo kutoka getini. Moja kwetu Ngamiani, nilikokaa mimi. Ya tatu haikuwa na kazi yoyote ya maana. Ilikwenda Mwera, njia ya Pangani, kwenye ghala la mbata, zile nazi kavu, alilolisimamia shemeji yake Tajiri, kaka wa mkewe, kwa sababu shemeji alinuna: mbona wengine wamepewa na yeye hakupewa? Ikapelekwa, na jenereta juu yake, iunganishwe na kwetu kwa simu, simu ikikubali.

Fundi ndiye aliyeziunganisha. Kabla hajagusa waya hata mmoja, alikaa barazani na Tajiri, akauliza swali ambalo nalisikia mpaka kesho: "Hapa kwenu nani anamwamini nani?"

Nieleze kidogo, maana wengi hawakuelewa na kutoelewa kwao kulinimaliza mimi. Kompyuta zikiunganishwa, kila moja unaweza kuiwekea orodha fupi ya wenzake. Mtu akija kutoka mashine iliyo kwenye orodha, haulizwi neno la siri. Anapita tu, kama mtoto wa jirani anavyopita uani kwenu bila hodi. Asiyekuwa kwenye orodha anasimamishwa. Fundi alimwambia Tajiri wazi, nilikuwepo: "Ushauri wangu, kila anayekuja aulizwe, akitoka popote."

Tajiri akaruka. "Nimwulize shemeji yangu neno la siri? Mwizi yeye? Mama watoto akisikia, mimi nitalala wapi?"

Barazani kicheko. Na kwa kweli kwetu ilikuwa aibu. Mtu wa familia huwezi kumsimamisha mlangoni ukamwambia thibitisha wewe ni nani. Basi ikaandikwa hivyo: mashine ya Ngamiani isiiulize ya Mwera, kwa kuwa ni ya shemeji. Mashine ya bandarini isiiulize ya Ngamiani, kwa kuwa ndiyo ofisi kuu. Bandarini hawakuwa hata na habari kama Mwera kuna kompyuta. Hakuna aliyewaza kwamba anayeaminiwa Mwera akishafika Ngamiani, bandarini wanamwona ni mtu wa Ngamiani. Hakuna aliyewaza, isipokuwa aliyezifunga nyaya.

Kosa lilikuwa la Tajiri, mimi sikatai. Lakini Fundi aliliona, akalinyamazia, akaliweka akiba.

Ilikuwa Ijumaa. Wanaume wote walikwenda msikitini, duka limefungwa nusu mlango, mimi nimebaki ofisini peke yangu kama kila Ijumaa, nakula muhogo wangu wa nazi. Kile kisanduku cha simu kilicho kando ya kompyuta kikaanza kumulika, taa ndogo ya kijani, tik tik tik. Maana yake Mwera wanaongea. Nikasema moyoni, leo shemeji anafanya kazi hata Ijumaa, mashallah. Nikaendelea kula. Hilo ndilo kosa langu, na ni hilo moja tu: niliona taa, nikaiamini kwa kuwa ilitoka Mwera.

Jumatatu mwenye mzigo alikuja bandarini kuchukua kontena lake la vipuri vya malori. Halipo. Lilitoka Ijumaa ile ile alasiri, kwa ruhusa halali, na mashine ya bandarini ilikuwa imeandika aliyetoa ruhusa: karani wa Ngamiani. Jina langu kamili, na jina la baba.

Tajiri aliniuliza pale barazani, mbele ya wateja, mbele ya wazee waliokuja kunywa kahawa, mbele ya wanawake waliokuwa wanapita na vikapu wakasimama. "Nani alikuwa ofisini saa ya sala?" Nikasema mimi. "Nani mwingine?" Nikasema hakuna. Akasema, "Nimekulea humu kama binti yangu, umeniuza." Nililia, niliapa, nilitaka niletewe msahafu. Nikasema, mwiteni Fundi, Fundi anazijua hizi mashine, atawaambia.

Akaitwa. Akaja anakokota baiskeli yake. Akaingia ndani, akakaa mbele ya mashine yangu kwa muda, akatoka, akajifuta mikono kwa leso. Tajiri akamwuliza, "Inawezekana mtu mwingine?"

Alinitazama, wallahi alinitazama machoni. Akasema: "Mashine haisemi uongo. Imeandika jina lake."

Polisi walikaa nami siku nne. Wakaniachia kwa kukosa ushahidi, na kuachiwa kwa kukosa ushahidi si kusafishwa. Mchumba wangu hakuja mwenyewe, alituma shangazi yake. Mama alinunua mboga mtaa wa mbali ili asisalimiwe na watu. Kwa miaka nilishona nguo za shule ndani kwa ndani, na mteja akija kuchukua nguo anahesabu vifungo mbele yangu. Nilikuwa Mwizi wa Kontena. Watoto walikuwa wananiita hivyo bila hata kujua kontena ni nini.

Ukweli niliukuta Mwera, msibani. Shangazi yangu alifia huko, nikakaa na wanawake jikoni, na mmoja wao alikuwa mtunza funguo wa lile ghala la mbata. Tukawa tunakuna nazi, tunaongea ya zamani, akasema, "Yule fundi wenu mwembamba hajambo? Alinisaidia sana siku nilipomnyoa mwanangu nywele za arobaini. Alikuja Ijumaa kutengeneza mashine, akaniambia nenda kwenye shughuli yako mama, mimi nitafunga. Shemeji mtu alishaniambia nimpe chumba." Nikamwuliza ilikuwa lini. Akanitajia umri wa mtoto wake mpaka mwezi, na hesabu ikaangukia Ijumaa ile ile. Nilikata kidole kwenye mbuzi ya kukunia nazi, damu ikachuruzika kwenye nazi iliyokunwa.

Nikarudi Tanga, nikajiandikisha darasa la kompyuta, nikasoma mpaka nikaelewa alichofanya hatua kwa hatua. Mwenye kazi hiyo haanzi na mashine kubwa. Anatafuta kadogo kalikodharauliwa, kasikochungwa na mtu, anaingia humo, na akishaingia haibi kitu. Anasoma. Haka kanaongea na nani? Nani anakapokea bila swali? Na huyo naye anapokelewa na nani? Anapanda hivyo hivyo mpaka juu, na kila anapofika anavaa jina la mwenyeji. Nilikaa darasani namsikiliza mwalimu kijana anaeleza hayo kwa chaki, nami namwona Fundi anapiga goti lake anacheka habari za mshoni na sukari. Alitueleza yote! Kwa miaka alitueleza, na sisi tunamkaribisha kahawa.

Nilimwambia nani? Niliwaambia watu wawili, watatu. Wakasema, "Yule mzee anayetengeneza kipaza sauti cha msikiti? Muogope Mungu."

Sitaki kujifanya mtakatifu. Nilimwombea mabaya kila siku baada ya sala, kwa majina yote niliyoyajua. Nilitaka apofuke. Alipopofuka kweli, kwa kisukari, sikusikitika hata chembe. Nilikasirika kwamba si mimi niliyemfanyia.

Alikuwa hatoki tena, na hakumfungulia mtu. Ndugu zake wenyewe aliwaongelesha dirishani. Basi nikafanya kama nilivyofundishwa. Nikauliza, chakula anakula kwa nani? Nikaambiwa kwa mama mmoja anayepika wali wa kuuza, jirani yake wa Chumbageni. Huyo ndiye pekee aliyefunguliwa. Sikumkimbilia. Nikaanza kununua wali kwake. Nikamshonea mabinti zake nguo za Idi kwa bei ya urafiki. Akiumwa, nakwenda namwoshea sufuria. Ilinichukua miezi saba, na nilimpenda yule mama, huo nao ni ukweli. Siku aliposema, "Shoga, leo miguu imevimba, nipelekee mzee wa watu chakula chake, wewe ni mtu wangu," nilimwambia, "Leo nina mteja, kesho nitampelekea." Nilihitaji siku moja.

Siku hiyo nilikwenda kwa Tajiri. Alikuwa kazeeka, kofia imemlegea, kampuni imebaki duka tu. Sikuwa nimeongea naye tangu siku ile. Nikamwambia: "Kuna mgonjwa anataka kukuona kabla hajafa. Ukifika usiseme neno mpaka nikwambie." Alinitazama sana. Akasema, "Haya, mama." Nilishangaa alivyokubali upesi.

Saa tano asubuhi tukafika. Nikabisha, nikasema natoka kwa mama wa wali. Kufuli ya kwanza ikalia, ya pili ikalia. Chumba kilikuwa safi, kinanuka dawa. Nikamsogezea Tajiri kigoda kando ya mlango, akakaa kimya. Nikampa Fundi sahani mkononi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Akatega sikio. "Sauti hii naijua."

"Ni mimi, karani wako wa Ngamiani."

Nilidhani atatetemeka. Akatabasamu! "Mwanangu! Ulikuwa na vidole vyepesi wewe. Bado unapiga?"

Nikamwambia, "Nimesoma, Fundi. Nimeijua ile ya Mwera." Na nikamweleza yote, Mwera, Ngamiani, bandarini, kama mwanafunzi anayetoa somo. Akaacha kula. Akawa ananisikiliza kichwa upande, na nilipokosea kidogo, Mungu wangu, alinisahihisha!

"Hapana, hapo niliingia kwa jina lako tangu Ngamiani, sikungoja bandarini. Walionilipa walitaka lile kontena litoke kabla ya saa kumi. Ilinichukua dakika chache. Niliwaambia waweke neno la siri, hawakutaka." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayekumbuka harusi.

"Na mimi?" nilimwuliza. "Nilikukosea nini?"

"Wewe? Hukukosea kitu. Jina lako ndilo lililokuwa likifunguliwa mlango." Akapapasa kijiko. "Sikukufikiria, mwanangu. Sikukufikiria hata kidogo."

Miaka yote hiyo nilimchukia usiku na mchana, na yeye hakunichukia hata dakika moja. Nilitaka kumpiga na ile sahani. Sikumpiga. Nikamgeukia Tajiri, maana yeye ndiye niliyemleta asikie, yeye ndiye aliyekuwa na mdomo wa kunisafisha. Nikasema, "Umesikia?"

Tajiri alikuwa ameinamisha kichwa. "Nilijua," alisema.

Sikuelewa. Nikamwuliza ulijua lini.

"Mwezi ule ule. Shemeji alikuja kuniungamia. Alipewa kitu kidogo ampishe huyu chumba cha mashine." Akavua kofia, akaishika magotini. "Ningefanyaje? Yule kaka wa mke wangu. Wewe ulikuwa karani, mama. Nikasema utaolewa, watu watasahau."

"Nani huyo?" Fundi akauliza kwa hofu, akigeuza uso huku na huku. "Umeniletea nani ndani?" Kwa mara ya kwanza niliiona hofu aliyostahili. Aliweka mkono shingoni kwenye ufunguo wake, na sahani ikamwangukia miguuni. Sikumjibu wala sikumwokotea.

Nilimwendea Tajiri. Nilimshika mkono juu ya kiwiko, mzee wa watu, mifupa mitupu, nikamwinua. Nje kulikuwa na wanawake wa mtaa wanachambua mchele, wanaume wawili wanacheza bao, mama wa wali mlangoni kwake na miguu juu ya kigoda. Wote wakatazama. Nikamsimamisha katikati yao kwenye jua.

"Sema," nikamwambia. "Lile ulilolijua tangu mwezi ule."

Akanong'ona kitu, machozi yanamshuka kwenye ndevu. Mama wa wali akaniita kwa jina langu, akaniambia, mwache mzee, utamwua.

Nikamwambia Tajiri aseme kwa sauti.